Msumari wa Saba

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya mchapishaji imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Nimeisoma nikiwa nimekaa. Haikubadilika. Nakala mia nane za riwaya yangu, Misumari Saba, bado zimelala ghalani kwao, na mwisho wa mwezi zitapelekwa kusagwa. Nimepiga simu kuuliza kitabu kikisagwa kinakuwa nini. Dada wa mapokezi hakujua. Akaenda kuuliza, akarudi, akaniambia kwa upole kabisa kwamba vinakuwa trei za mayai.

Trei za mayai! Mwaka mzima wa jasho langu, kuku watataga juu yake!

Tumaini limebaki moja. Maktaba ninayofanyia kazi (chumba cha chini, kushona na kugundisha vitabu vilivyochanika, huu ni mwaka wa kumi na tisa) ina Baraza la Wasomaji Wadogo. Watoto kumi na wawili. Kila mwezi wanasoma kitabu kimoja, kila mmoja anajaza karatasi ya maoni bila kuandika jina, anaitumbukiza kwenye sanduku la mbao. Juu ya karatasi kuna viduara viwili, Ndiyo na Hapana. Kitabu kikipata Ndiyo nane, kinasomwa kwa sauti katika matawi yote ya maktaba. Na hakuna mchapishaji mwenye akili zake atakayesaga kitabu kinachosomwa matawi yote. Mwezi uliopita walisoma Kiboko Mpole. Kiboko ambaye kosa lake kubwa, kitabu kizima, ni kusahau kusema asante. Alipata Ndiyo kumi na mbili.

Mwezi huu ni zamu yangu. Sanduku linafunguliwa Jumamosi.

Kwa atakayeiokota shajara hii nikishakuwa maarufu, nieleze. Misumari Saba inahusu binti wa fundi viatu. Siku ya kumzika baba yake, jeneza linateleza kwenye matope na watu saba wanacheka. Binti anaamua kulipiza kisasi. Anawashonea jozi saba za viatu vizuri mno. Kwenye kisigino cha kila jozi kuna msumari, na kwa kila hatua msumari unapanda mguuni kidogo, kidogo, mpaka unafika moyoni.

Ni kitabu cha watoto. Hakimhusu mtu yeyote ninayemjua.

Jumanne, 4 Machi

Mpwa wangu ni mjumbe wa Baraza. Ana miaka kumi na mmoja. Nyumbani tunamwita Hakimu, kwa sababu tangu akiwa na miaka mitatu ukimgawia kitu yeye na mwenzake anapima kwa macho kabla ya kushukuru. Naishi kwao. Nyumba ni ya dada yangu mkubwa, mjane tangu mwaka juzi, na chumba changu ni kile cha nyuma ambacho marehemu shemeji alikuwa anashonea viatu. (Najua. Lakini mafundi viatu wako wengi duniani.)

Asubuhi wakati wa chai nilimuuliza Hakimu, kwa sauti ya mtu asiyejali, kitabu cha mwezi huu anakionaje. Akasema kanuni ya Baraza inakataza kutoa maoni nje ya sanduku. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mjomba wake, si mtu wa nje. Akasema kanuni haikutaja wajomba, kwa hiyo nao wamo. Nikamwahidi nitamwoshea vyombo zamu yake wiki nzima. Akafikiri. Akasema sawa, amekubali kuhusu vyombo, ila kanuni bado inakataza.

Nimeosha vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Leo lazima niandike kuhusu Bi Kimya. Ndiye mkuu wa chumba cha watoto, na jina hilo amelipata kwa kazi ya mikono yake, au tuseme ya kidole chake, maana huwa kiko mdomoni kutwa nzima akinyamazisha watu. Mrefu, miwani ya mnyororo shingoni. Kila ninapompelekea kitabu nilichokitengeneza ananirudishia kijikaratasi kimeandikwa "gundi imezidi". Miaka kumi na tisa! Siku nilipomwambia naandika riwaya, alisema ni vizuri, lakini mwandishi angeanza kwa kusoma. Sijasahau. Maneno hayo yamenikata maini mpaka leo.

Mtu wa sita anayekufa katika kitabu changu ni mwanamke mrefu mwenye miwani ya mnyororo. Ni sadfa tu.

Mchana nilipanda chumba cha watoto na kisanduku changu cha zana, nikajilaza chini ya rafu ya chini kabisa, nikajifanya nakaza skrubu. Wajumbe watatu wa Baraza walikuwa wamekaa upande wa pili. Nikatega sikio. Nilitarajia kusikia watoto waliopoteza usingizi. Nilitarajia angalau mmoja anayekojoa kitandani.

Mmoja alisema alikisoma huku anakula. Wa pili alisema sehemu aliyoipenda ni namna ya kulainisha ngozi ya kiatu kwa mafuta. Wa tatu, mtoto mwenye pengo la meno mawili ya mbele, alisema yeye amehesabu misumari ikatoka sita, kisha akahesabu tena.

Nilicheka kimoyomoyo. Jina la kitabu liko hapo juu kwa herufi kubwa, na mtoto bado anashindwa kuhesabu. Shule za siku hizi!

Nilipotaka kutoka, viatu vya Bi Kimya vilikuwa mbele ya pua yangu. Aliinama, akaniuliza kama rafu ina tatizo. Nikasema lilikuwepo, limekwisha. Akaweka kidole mdomoni, ingawa nilikuwa sijapandisha sauti.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya ushindi!

Nilijua watoto wote wameshatumbukiza maoni yao jana jioni. Nilijua pia kwamba Bi Kimya hunywa chai saa nne kamili na hatoki nayo mpaka saa nne na robo. Saa nne na dakika mbili nilikuwa juu na bisibisi. Nikalegeza bawaba ya sanduku, nikashuka, nikasubiri. Kabla ya adhuhuri sanduku lililetwa mezani kwangu na kijikaratasi: "Bawaba imelegea. Tafadhali usitumie gundi."

Nikafunga mlango. Nikafungua sanduku.

Ndiyo saba. Hapana tano.

Saba! Nimepungukiwa na moja tu! Nilizisoma zile za Ndiyo mara nne nne. Mmoja ameandika, "Nimekipenda kwa sababu ni kifupi." Mwingine, "Nimempenda yule mama wa sita, anafanana na Bi Kimya, nimesikitika alipokufa." Nitasema nini? Msomaji ni mfalme. Zile za Hapana sikuzisoma. Mtu hajipalii makaa kwa hiari. Niliona tu kwamba moja imeandikwa kwa wino wa kijani.

Mtu wa kawaida angebadilisha karatasi moja akapata nane yake, akaenda kula. Nami nilikuwa na nia hiyo, Mungu shahidi wangu. Kalamu nilikuwa nimeshaishika kwa mkono wa kushoto. Ndipo nikamkumbuka Kiboko Mpole na Ndiyo zake kumi na mbili. Kiboko! Anishinde mimi!

Nimebadilisha zote tano. Penseli tatu za rangi, kalamu mbili, miandiko mitano tofauti. Na kwa kuwa ninakijua kitabu changu kuliko mtu yeyote aliye hai, nimewafanya watoto wangu watano wote wakisifie pale kinapostahili kusifiwa, yaani sura ya kumi na tatu, ya mwisho, ambapo msumari wa saba unafika ulikokuwa unakwenda. Hiyo ndiyo sura iliyonichosha. Niliiandika kwa miezi saba, na siku nilipoimaliza nilishindwa kula.

Zile tano za kweli nimezitia kwenye mfuko wa koti. Kuzichoma sikuweza. Mimi ni mtu wa maktaba, sijawahi kuharibu karatasi yenye maandishi. Bawaba nimeikaza vizuri, na tone moja tu la gundi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Nimechagua mshangao wa pili, ule wa mkono kifuani.

Dada alitaka kunipigia pasi koti. Nililishikilia. Akalivuta. Nikalivuta. Akaniuliza kama nimeficha nyoka mfukoni. Nikasema koti lina joto lake la asili, pasi italiharibu. Akanitazama kama anavyonitazama tangu tukiwa wadogo, siku ile nilipomwambia kwamba sukari imeliwa na upepo. Mwishowe aliliachia, akasema kesho atakuja na yeye, akasikie watoto wanasema nini kuhusu kitabu cha mdogo wake.

Sikutegemea hilo. Lakini si vibaya, ashuhudie.

Jumamosi, 8 Machi

Siku za mwizi arobaini, wanasema. Mimi nimepewa mbili.

Nitaandika yote. Chumba cha watoto kilijaa. Wajumbe kumi na wawili kwenye viti vidogo mbele, wazazi nyuma, Dada mstari wa tatu na mkoba wake mapajani. Mimi nilisimama karibu na mlango, pozi la mtu aliyepita tu. Bi Kimya alifungua sanduku, akaigusa bawaba, akanusa kidole. Akaanza kusoma.

Saba za kwanza, salama. Watu wakapiga makofi. Ikaja ya nane: "Sura ya kumi na tatu imenitoa machozi, hasa msumari wa saba." Nikaweka mkono kifuani. Ya tisa: "Sura ya kumi na tatu ni kilele cha fasihi ya watoto." Hapo Bi Kimya alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Ya kumi nayo ilisifia sura ya kumi na tatu. Ya kumi na moja vilevile. Watoto walianza kutazamana. Ya kumi na mbili ilikuwa inamuuliza mwandishi amepata wapi ujasiri wa kuandika sura ya kumi na tatu.

Bi Kimya aliuliza, kwa utaratibu, nani kati yao ameiona sura ya kumi na tatu. Nakala kumi na mbili zikafunguliwa kwa pamoja. Kurasa zikapekuliwa. Mtoto mwenye pengo alisimama akasema kwamba yeye alishawaambia wenzake tangu Jumatano: misumari iko sita, sura ziko kumi na mbili, na mama wa miwani ndiye wa mwisho.

Mimi, kwa upumbavu wangu, nikapaza sauti kule nyuma kwamba wafungue ukurasa wa mia na arobaini.

Ukurasa wa mia na arobaini haupo.

Nilipokonya nakala ya mzazi mmoja, nikaangalia mwenyewe. Kitabu kinaishia mia na ishirini na nane. Ndipo nikaikumbuka barua ya mhariri ya mwaka jana. Ilianza, "Tumefanya marekebisho madogo," nikaikunja palepale nikaitia kwenye droo, maana sisomi barua ya mtu anayekata maneno yangu. Na kitabu chenyewe kilipotoka sikukisoma. Kwa nini nikisome? Nilikiandika mimi! Nilikigeuza nikaangalia mshono tu, kama ninavyoangalia vitabu vyote. Mshono ulikuwa mbaya. Nikakiweka kwenye rafu.

Wameikata! Wameikata ile sura wakaacha jina la kitabu!

Kukawa kimya kuliko ambavyo Bi Kimya amewahi kukipata. Kisha Hakimu akasimama. Akasema karatasi yake haijasomwa. Mwingine akasema hata yake. Wakafika watano. Nikaona jasho linanitiririka, nikachomoa leso mfukoni nijifute, na karatasi tano zikatoka pamoja nayo, zikaanguka sakafuni mbele ya watu wote, ile ya kijani juu.

Hakuna aliyenipigia kelele. Afadhali wangenipigia. Mtoto mwenye pengo alizikusanya moja moja, akampelekea Bi Kimya. Dada alikuwa anaangalia mkoba wake. Nilitaka kuingia mitini lakini mlango ulikuwa umezibwa na mama mwenye kigari cha mtoto.

Bi Kimya akasoma. Nne za kwanza zilikuwa zinalalamikia hesabu ya misumari. Kisha akaichukua ile ya kijani. Niliinakili baadaye, kwa idhini ya mwenyewe, neno kwa neno:

"Hapana. Kimeandikwa vizuri lakini nimehesabu misumari sita. Nadhani wa saba alikuwa mtu wa nyumbani kwao na mwandishi ameogopa kumwandika. Kwenye mazishi ya baba yangu kuna mtu wa nyumbani alicheka. Simchukii. Mimi pia nilicheka, nikaficha uso kwenye koti la mama. Msichana angewauliza kwanza kwa nini wamecheka. Labda walikuwa wanampenda baba yake. Akishawauliza, awachome kama bado anataka."

Aliyecheka ni mimi.

Naandika hapa kwa mara ya kwanza. Mwaka juzi, tulipokuwa tunamzika shemeji, mwenyekiti wa chama cha mafundi alikuja kusoma wasifu wa marehemu akiwa amebeba karatasi ya marehemu mwingine. Alisoma kwa huzuni kubwa kwamba tumempoteza mwogeleaji hodari, aliyeipenda bahari kuliko nchi kavu. Shemeji yangu! Aliyekuwa anazunguka dimbwi la mvua! Aliyekuwa anaoga kwa kikombe kwa kuogopa ndoo! Nilicheka kwa sauti, kaburi likiwa wazi. Watu waligeuka. Tangu siku ile nimejichukia, na kwa kuwa kujichukia hakutoshi nikakaa nikaandika kitabu, na mtu wa saba katika sura ya kumi na tatu ni mjomba wa yule binti. Msumari unamfikia juu ya kaburi.

Watoto wakataka niwasimulie sura iliyokatwa. Wakasema ni haki yao, wamehesabu kwa shida. Bi Kimya akanivutia kiti kidogo. Nikakaa, magoti usawa wa masikio, nikaanza. Nilisimulia vizuri, sijisifu. Binti akashona viatu vya mwisho. Binti akagonga mlango wa mjomba wake. Mjomba akafungua. Hapo nikamwona Hakimu, ameweka mikono juu ya magoti, ananisikiliza kama anavyosikiliza kila kitu, na nikashindwa kumvisha yule mjomba viatu.

Nikasema binti alimuuliza kwa nini alicheka.

Mtoto mwenye pengo akataka kujua mjomba alijibu nini. Nikaacha kubuni. Nikasimulia la mwenyekiti na karatasi yake. Mwogeleaji hodari. Kikombe na ndoo. Watoto wakaanza kucheka, wazazi nao, na Bi Kimya akacheka meno yote yakaonekana, sijawahi kuyaona. Dada alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, ameshika pua. Hakimu hakujificha safari hii.

Baadaye wajumbe walijadili nusu saa nzima kama huyo mjomba asamehewe. Mtoto mwenye pengo alishikilia kwamba lazima apate msumari hata mdogo, wa kidole gumba tu, ili ajue. Walipiga kura. Msumari mdogo ulipita.

Kisha Bi Kimya akatangaza matokeo halali. Ndiyo saba, Hapana tano. Kitabu hakikupita. Kuna mzazi aliuliza kama mjumbe anaweza kubadilisha maoni baada ya kusikia sura ya kumi na tatu, na kila mtu akamtazama Hakimu. Akasema aliombwa maoni juu ya kitabu kilichoandikwa, si kilichosimuliwa.

Mpwa wangu wa damu.

Jumapili, 9 Machi

Sikutoka chumbani mpaka saa sita. Dada aliniletea chai mwenyewe, akakaa juu ya benchi la shemeji. Nilitegemea hukumu. Akasema siku ile makaburini alinisikia, na kwamba yeye alikuwa anauma ulimi mpaka ukatoka damu, kwa sababu mwenyekiti alipofika kwenye "bahari" alimwona kabisa marehemu mumewe ameshika ukuta wa bafu. Akasema ni miaka miwili anasubiri nimtajie, tucheke wote, nami niko huku nyuma nimejifungia naandika watu wanaochomwa misumari. Akanikumbusha kuwa mficha uchi hazai. Nikamwambia nimemkumbuka sana shemeji. Akasema anajua, ndiyo maana hajanifukuza.

Hakimu alikuja baadaye. Nilimwomba radhi kwa kuiba maoni yake. Alisema anapokea, lakini vyombo viendelee hadi mwisho wa mwezi. Nikamuuliza, kama mjomba kwa mpwa, ni kweli kitabu kimeandikwa vizuri? Akasema ndiyo, isipokuwa pale penye mvua, mvua imezidi.

Nililia kidogo. Naamini ni harufu ya gundi iliyobaki kwenye koti.

Jumanne, 11 Machi

Mambo ya ajabu! Nilitegemea barua ya kufukuzwa kazi. Nilipata barua ya onyo, ndiyo, mistari mitatu. Lakini Bi Kimya alishuka chini mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na daftari mkononi. Watoto wametangaza habari shule nzima. Watoto arobaini na mmoja wameandikisha majina kuazima Misumari Saba, na wote wanauliza kitu kimoja, wapi ilipo sura ya kumi na tatu.

Alikuwa ameshamwandikia mchapishaji. Maktaba itachukua nakala sitini, zisisagwe, na mimi nitaifungua mishono nishonee ndani sura ya kumi na tatu, ile niliyoisimulia, pamoja na msumari mdogo. Nikamwambia mshono wenyewe ni mbaya, lazima ufunguliwe kwa vyovyote. Akakubali kwamba ni mbaya. Tulikubaliana jambo, mimi na yeye!

Alipofika mlangoni aligeuka, akasema viatu vya yule mama wa sita nimeviandika namba arobaini na moja. Yeye anavaa thelathini na tisa. Nikasema ni sadfa. Akasema sadfa ipunguzwe namba mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Nakala kumi na nane zimeshonwa. Mishono mizuri mno. Lakini sitini si mia nane. Mia saba na arobaini bado zinawasubiri kuku, na mwisho wa mwezi hauko mbali.

Sasa, mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimekaa nikalitafakari lile la Jumamosi kwa utulivu, nikaona kosa langu lilikuwa wapi. Niliandika maoni mazuri! Nani anakimbilia kitabu kinachosifiwa? Watoto wale arobaini na mmoja wamevutwa na kashfa. Kwa hiyo kinachohitajika ni maoni mabaya. Gazeti lina ukurasa wa barua za watoto kila Jumapili. Mchana nilifunga mlango, nikaandika barua ya mtoto wa miaka tisa, jina nimempa Msomaji Mwenye Huzuni. Safari hii nilikisoma kitabu kwanza, kurasa zote mia na ishirini na nane, nisije nikaumbuka tena. Nikaandika:

"Mwandishi huyu hatujui sisi watoto. Anadhani kututisha ni kazi ngumu. Watu wake wote wanazungumza kama yeye. Akikosa la kusema analeta mvua. Nimekimaliza kwa sababu tu nilikuwa naumwa na hakukuwa na kingine kitandani."

Nikaifunga kwenye bahasha, nikatoka nikaipeleka posta, nikaitumbukiza. Nikarudi zangu kazini nimefurahi.

Ilipofika saa tisa nikaanza kujisikia vibaya. Akikosa la kusema analeta mvua? Mtoto wa miaka tisa? Amelelewa wapi huyu? Mimi nimekesha mwaka mzima, yeye anaumwa siku mbili tu na tayari ana maoni! Na hilo la kwamba watu wangu wote wanazungumza kama mimi ni uongo wa mchana, na hata kama ni kweli si la kumwambia mtu gazetini. Sikuweza kushona. Chakula cha jioni kimenishinda. Dada aliuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia kuna mtoto mmoja amenivunjia heshima vibaya sana, na hao wa aina yake wasipofundishwa mapema wanaharibika. Akauliza ni mtoto wa nani. Nikamjibu asihangaike, anapoishi napajua.

Mkuki kwa nguruwe, wanasema. Tutaona.

Nimechukua karatasi safi. Riwaya ya pili, sura ya kwanza: mtoto wa miaka tisa, mpenda kuandika barua magazetini, anapokea kifurushi kisicho na jina la aliyemtumia.